Mechi 7, ushindi 1: hesabu ya sare za Leopards na somo lake kwa viwanja vya Kasongo na Kabambare

Mechi saba. Sare tano, ushindi mmoja, kushindwa mara moja. Hiyo ndiyo hesabu ya Leopards ya Kongo katika Kombe la Afrika, CAN 2023, lililochezwa Côte d'Ivoire mwezi wa Januari na Februari 2024. Timu ilifunga mabao 6, ikafungwa 5, ikarudi nyumbani na nafasi ya nne. Hakuna timu iliyoishinda kwa zaidi ya bao moja.

Kusini mwa Maniema, katika teritware za Kasongo na Kabambare, mechi za namna hiyo hufuatwa kwa redio, kwa simu na kwenye vibanda vya video vinavyotumia jenereta ama umeme wa jua. Mafuta yakiisha dakika ya 80, watu hubaki gizani bila kujua mwisho. Leopards ya 2024 ilikuwa timu ya kuwatesa watu hao, kwa sababu karibu kila mechi yake iliamuliwa mwishoni, na mara mbili iliamuliwa kwa penalti.

Swali lililobaki ni hili: timu isiyoshindwa lakini pia haishindi, ni timu nzuri ama mbaya? Wengi hupiga kelele wakilijibu. Hesabu inalijibu vizuri zaidi, na jibu hilo linagusa pia timu za shule na za mitaa, zile ambazo kila mwaka humaliza mashindano zikisema: "Tulikosa kidogo tu."

Sare tatu za kundi

Leopards ilianza tarehe 17 Januari 2024 mjini San-Pédro dhidi ya Zambia. Dakika ya 23, golikipa Lionel Mpasi alitoka mbali na lango lake, mpira ukamfikia Kings Kangwa wa Zambia, naye akaupiga kutoka mbali ukaingia katika lango tupu. Dakika nne baadaye Yoane Wissa akasawazisha. Kongo ilitawala sehemu kubwa ya mechi, ikapata nafasi nyingi, lakini matokeo yakabaki 1-1.

Tarehe 21 Januari ikakutana na Maroko, timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2022. Achraf Hakimi akafunga dakika ya 6. Kabla ya mapumziko Kongo ikapata penalti. Cédric Bakambu akapiga, mpira ukagonga mwamba. Ilibidi kungoja dakika ya 76 ili Silas Katompa Mvumpa asawazishe. 1-1 tena.

Tarehe 24 Januari, mjini Korhogo, ikawa zamu ya Tanzania. Nchi mbili zinazosema Kiswahili, kila moja ikiwa na hofu yake. Tanzania ilihitaji ushindi. Kongo ilihitaji kutofungwa. Ikaisha 0-0.

Maroko ikamaliza kundi na pointi 7, Kongo 3, Zambia 2, Tanzania 2. Leopards ikapita ikiwa ya pili bila kushinda hata mechi moja. Kama Tanzania ingepata bao moja usiku ule wa Korhogo, yenyewe ingefika pointi 4, na Kongo ingebaki na 2, ikapanda ndege ya kurudi Kinshasa. Sare ile ya tatu, ambayo wengi waliiona kuwa mechi ya kuchosha, ndiyo iliyoiokoa safari nzima.

Pointi tatu kwa njia mbili

Kuna jambo moja ambalo halikuzungumzwa sana. Wenyeji, Côte d'Ivoire, nao walimaliza kundi lao na pointi 3, lakini kwa njia nyingine kabisa. Waliishinda Guinea-Bissau 2-0, wakafungwa na Nigeria 1-0, kisha wakafungwa na Guinea ya Ikweta 4-0 mbele ya watu wao. Kocha wao, Jean-Louis Gasset, akaondoka kati ya mashindano, na msaidizi wake Emerse Faé akachukua kazi.

Kwa hiyo timu moja haikufungwa hata mara moja, nyingine ilifungwa mara mbili, moja ya hizo kwa mabao manne. Zote mbili zilikuwa na pointi 3. Hivyo ndivyo mpira wa leo unavyohesabu: ushindi ni pointi 3, sare ni pointi 1, kushindwa ni sifuri. Sare tatu zinalingana na ushindi mmoja na kushindwa mara mbili.

Zamani haikuwa hivyo. Ushindi ulikuwa na pointi 2, na sare pointi 1. Katika hesabu hiyo ya zamani, timu yenye sare tatu ingekuwa mbele ya timu yenye ushindi mmoja na kushindwa mara mbili. Uingereza ilibadilisha hesabu hiyo mwaka 1981, na FIFA ikaanza kutumia pointi 3 katika Kombe la Dunia la 1994. Shabaha ilikuwa kuzilazimisha timu zitafute ushindi, zisiridhike na kugawana. Tangu hapo, timu inayojivunia kwamba "haifungwi" inaweza kuwa nyuma ya timu inayofungwa mara nyingi lakini pia inashinda.

Na kuna kioja kingine. Usiku ule ule ambao Kongo na Tanzania zilimaliza 0-0, Maroko iliifunga Zambia 1-0. Kama Zambia ingepata sare tu, timu ya tatu ya kundi hilo ingekuwa na pointi 3 na tofauti ya mabao iliyo bora kuliko ya Côte d'Ivoire, na wenyeji wangeondolewa. Ushindi wa Maroko ndio uliowapa wenyeji uhai. Wiki mbili baadaye, Côte d'Ivoire hao hao wakaiondoa Kongo katika nusu fainali, na tarehe 11 Februari wakatwaa kombe kwa kuifunga Nigeria 2-1.

Timu mbili zenye pointi 3: moja ikawa bingwa wa Afrika, nyingine ikawa ya nne. Kati yao palikuwa na bao moja.

Si mara ya kwanza

Wazee wa mpira wanajua kwamba sare tatu za kundi si jambo geni kwa Leopards. Limetokea mara tatu ndani ya miaka 11, na kila mara lilileta mwisho tofauti.

Mwaka 2013, Afrika Kusini, timu ya kocha Claude Le Roy ilianza kwa kutoka nyuma 0-2 na kupata 2-2 dhidi ya Ghana. Kongo nzima ilishangilia. Kisha ikaja 0-0 na Niger, halafu 1-1 na Mali. Pointi 3, bila kufungwa mechi yoyote, na Leopards ikarudi nyumbani. Mali ilipita na pointi 4, ingawa yenyewe ilikuwa imefungwa na Ghana. Ushindi wake mmoja dhidi ya Niger, wa 1-0, ulikuwa na uzito kuliko sare zote za Kongo.

Mwaka 2015, Guinea ya Ikweta, chini ya Florent Ibenge, mambo yakawa vilevile: 1-1 na Zambia, 0-0 na Cap-Vert, 1-1 na Tunisia. Safari hii Cap-Vert pia ilikuwa na pointi 3, nayo pia ilikuwa na sare tatu. Tofauti ilikuwa moja tu: Kongo ilifunga mabao mawili, Cap-Vert bao moja. Bao hilo moja zaidi likaivusha Kongo. Katika robo fainali ikafungwa 2-0 na Kongo-Brazzaville, kisha ikageuza mambo na kushinda 4-2. Ikafungwa na Côte d'Ivoire 3-1 katika nusu fainali, na mwishowe ikapata nafasi ya tatu kwa penalti baada ya 0-0 na wenyeji.

Basi, mwaka 2013 sare tatu zilileta kuondolewa. Mwaka 2015 zilileta medali ya shaba. Mwaka 2024 zilileta nafasi ya nne. Sare yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho timu nyingine zilifanya. Timu inayotoka sare huacha sehemu ya maisha yake mikononi mwa wengine, na siku ya mwisho hulazimika kusikiliza redio ili ijue kama bado imo.

Sare iliyoleta kombe

Hata CAN ya mwisho ambayo nchi yetu ilitwaa ilipita katika sare. Tarehe 12 Machi 1974, mjini Cairo, Zaïre ilicheza fainali na Zambia, mechi ikaisha 2-2 hata baada ya muda wa nyongeza. Siku hizo penalti hazikutumika kuamua fainali hiyo. Mechi ilirudiwa siku mbili baadaye, na Zaïre ikashinda 2-0. Ndaye Mulamba alifunga mabao yote manne ya Zaïre katika fainali hizo mbili. Alimaliza mashindano na mabao 9, rekodi ya CAN moja ambayo haijavunjwa.

Wachezaji wa 1974 walipewa siku mbili za kupumzika na kujaribu tena. Wachezaji wa leo hupewa dakika chache tu: wanakunywa maji, wanachagua wapigaji, wanakwenda kwenye alama ya mita 11.

Penalti zilizotoa na penalti zilizonyang'anya

Tarehe 28 Januari 2024, San-Pédro, Leopards ilikutana na Misri, timu yenye makombe 7 ya Afrika. Meschack Elia akafunga dakika ya 37. Mostafa Mohamed akasawazisha kwa penalti kabla ya mapumziko. Misri ikabaki na watu 10 katika muda wa nyongeza, lakini Kongo haikupata bao la pili. Penalti zikaanza. Zikapigwa hadi ikafika zamu ya magolikipa. Golikipa wa Misri, anayejulikana kwa jina la Gabaski, akapiga juu, mpira ukagonga mwamba. Mpasi, yule yule aliyekosea dhidi ya Zambia, akauweka mpira chini, akapiga, ukaingia. 8-7.

Tarehe 2 Februari, Abidjan, ukaja ushindi pekee wa kawaida: Guinea ilitangulia kwa penalti, Kongo ikajibu kwa mabao matatu ya Chancel Mbemba, Wissa na Arthur Masuaku. 3-1.

Halafu, tarehe 10 Februari, mechi ya nafasi ya tatu dhidi ya Afrika Kusini. 0-0. Penalti tena. Safari hii golikipa mwenye bahati alikuwa wa upande wa pili: Ronwen Williams alizuia mapigo mawili, na Afrika Kusini ikashinda 6-5. Kati ya 8-7 na 6-5 zilipita siku 13 tu.

Katika vitabu vya mpira, mechi inayoamuliwa kwa penalti huandikwa kuwa sare. Ndiyo maana hesabu ya Leopards inasema sare tano. Lakini mtu aliyekuwa akisikiliza redio San-Pédro inashinda na Abidjan inashindwa hawezi kukubali kwamba mechi hizo mbili ni kitu kimoja.

Mkono mdomoni

Mechi moja tu ndiyo waliyofungwa, na ndiyo inayokumbukwa kuliko zote mashariki mwa nchi. Tarehe 7 Februari 2024, kwenye uwanja wa Ebimpé, Abidjan, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wimbo wa taifa ulipokuwa ukiimbwa, wachezaji wa Leopards waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kichwani, kama bunduki.

Hakuna aliyehitaji maelezo. Siku hizo vita vya M23 vilikuwa vimefika karibu na Sake, watu walikuwa wakikimbilia Goma wakiwa na magodoro kichwani. Wachezaji walikuwa wakisema kwamba watu wanauawa mashariki na ulimwengu umenyamaza. Picha ile ilizunguka dunia nzima usiku huo huo.

Kisha wakacheza. Dakika ya 65 Sébastien Haller aliupiga mpira hewani, ukadunda chini na kuruka juu ya Mpasi. 1-0. Hakukuwa na bao jingine.

Kwa wakaaji wa Kabambare, teritware inayopakana na Kivu Kusini na Tanganyika, ishara ile haikuwa ya Goma peke yake. Salamabila na sehemu za mgodi wa dhahabu wa Namoya zimeona miaka ya mapigano na watu kukimbia vijiji vyao, mara nyingi bila kamera yoyote kufika. Mechi ilipotea kwa bao moja, lakini dakika moja ya wimbo wa taifa ilifanya kazi ambayo hata kombe lisingeweza kuifanya peke yake. Ni vizuri kusema pia ukweli wa upande mwingine: ishara haikusimamisha vita. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na katikati ya Februari Bukavu ikafuata.

Maniema Union nayo

Jimbo la Maniema lina hesabu yake ya karibu zaidi. AS Maniema Union, timu ya Kindu, ilimaliza msimu wa 2023-2024 ikiwa ya pili nyuma ya TP Mazembe, ikapata tiketi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Ikafika hatua ya makundi, ikawekwa pamoja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, AS FAR na Raja Casablanca za Maroko.

Tarehe 26 Novemba 2024, mjini Pretoria, Maniema Union ilitoka 0-0 na Sundowns. Si jambo dogo: Sundowns hao walifika fainali ya mashindano hayo mwaka 2025. Lakini timu ya Kindu haikuweza kuwapokea wageni wake Kindu. Mechi zake za nyumbani zilichezwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa watu wake. Januari 2025, katika uwanja huo wa kuazima, Sundowns ikashinda 2-1. Maniema Union ikamaliza kundi bila ushindi, katika nafasi ya mwisho.

Mtu anayetazama jedwali tu ataona timu dhaifu. Anayetazama mechi ataona timu iliyokosa kitu kidogo, na sehemu ya kitu hicho ni uwanja. Timu inayocheza "nyumbani" kwa kupanda ndege inapoteza kile ambacho kila timu ya kijiji inacho: kelele za mama zao kando ya chaki. Katika mechi za bao moja, kelele hizo zina bei.

Sare iliyokuwa na thamani ya Kombe la Dunia

Kama kuna mechi inayoonyesha kwamba sare haipaswi kudharauliwa, ni ya tarehe 9 Septemba 2025, kwenye uwanja wa Martyrs, Kinshasa. Ilikuwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2026, dhidi ya Senegal. Bakambu na Wissa walifunga, Kongo ikawa mbele 2-0 baada ya dakika 33. Uwanja ulikuwa tayari unaimba. Pape Gueye akapunguza kabla ya mapumziko, Nicolas Jackson akasawazisha baada ya mapumziko, na dakika ya 87 Pape Matar Sarr akafunga la tatu. 2-3.

Kundi lilipokwisha mwezi wa Oktoba, Senegal ilikuwa na pointi 24, Kongo 22. Fanya hesabu: kama matokeo yangebaki 2-2, na mechi nyingine zikaisha vilevile, Senegal ingekuwa na 22, Kongo 23. Leopards ingekwenda Kombe la Dunia moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu 1974. Dakika zilizobaki zilikuwa tatu na nyongeza. Siku hiyo pointi moja ilikuwa dhahabu, na iliponyoka.

Lakini vijana wa kocha Sébastien Desabre hawakuvunjika. Tarehe 13 Novemba 2025, mjini Rabat, katika mchujo wa Afrika, walicheza na Kameruni. Mechi ilikuwa ikielekea 0-0 na muda wa nyongeza, Mbemba akafunga baada ya dakika ya 90. Siku tatu baadaye, dhidi ya Nigeria, ikawa 1-1. Nigeria ilitangulia dakika ya 3, Elia akasawazisha. Muda wa nyongeza ulipokaribia kwisha, Desabre alimtoa Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu langoni kwa ajili ya penalti. Kongo ikashinda 4-3, na pigo la mwisho lilikuwa la Mbemba. Leopards ikapata nafasi ya kucheza mchujo wa mwisho wa dunia.

Hapo ndipo tofauti inaonekana. Mwaka 2024 timu ilifika kwenye penalti za Abidjan ikiwa imechoka. Mwaka 2025 ilifika ikiwa na mpango: golikipa wa penalti alikuwa ameandaliwa akingoja kwenye benchi. Wengi husema penalti ni bahati nasibu, lakini hata bahati nasibu ina mtu aliyenunua tiketi mapema.

Somo kwa timu za shule na za mitaa

Viwanja vya Kasongo na Kabambare si Ebimpé. Vingi ni udongo mwekundu ulioparazwa kwa jembe, vyenye mashimo upande mmoja na nyasi ndefu upande mwingine. Timu husafiri kwa miguu, kwa baiskeli ama kwa pikipiki, na mvua ikinyesha njia hukatika. Mpira mmoja hutumiwa na timu nzima kwa mwaka. Katika hali hiyo, mechi nyingi za shule huisha 0-0, 1-1 ama 1-0, kwa sababu ni vigumu kupiga pasi nne mfululizo mpira usiruke.

Ndiyo maana hesabu ya Leopards inawafaa walimu na makocha wa huku kuliko hesabu ya timu zinazoshinda 5-0.

Kwanza, daftari. Timu ya shule inayocheza mechi 10 na kutoka sare zote itakuwa na pointi 10, na wachezaji wake watasema kwa fahari kwamba hawajafungwa. Timu jirani inayoshinda 4 na kufungwa 6 itakuwa na pointi 12, na itakuwa mbele yao. Kocha asiyeandika hesabu hiyo ataendelea kumsifu beki na kusahau kwamba hakuna anayefunga.

Pili, dakika za mwisho. Bao la Senegal lilikuja dakika ya 87, bao la Mbemba dhidi ya Kameruni lilikuja baada ya 90. Miguu ikichoka, akili huchoka kwanza. Timu inayofanya mazoezi kwa dakika 40 tu, kisha wote wakaenda kuteka maji, haiwezi kushangaa inapofungwa mwishoni. Na mwanafunzi aliyetoka nyumbani bila kula hawezi kukimbia dakika 90. Hilo si swali la moyo wa kizalendo, ni swali la muhogo na maharagwe kabla ya mechi.

Tatu, penalti zifanyiwe mazoezi, na wapigaji wajulikane mapema. Anayechaguliwa uwanjani wakati wenzake wanaangalia chini, mara nyingi hupiga nje.

Nne, na hili ni gumu zaidi, ni maneno yanayofuata mechi. Timu ikifungwa bao moja mara tatu mfululizo, watu huanza kutafuta mkosaji. Wengine husema upande wa pili una dawa. Wengine humshika mwamuzi. Wengine humnyoshea kidole kijana mmoja aliyekosa penalti, na kijana huyo haonekani tena kwenye uwanja, pengine hata shuleni. Mashindano kadhaa ya vijana yameharibika kwa ugomvi ulioanza na 1-0.

Hapo mfano wa Mpasi una thamani. Golikipa aliyetoka vibaya mbele ya Zambia tarehe 17 Januari ndiye aliyepiga penalti ya ushindi dhidi ya Misri tarehe 28. Kama kocha angemtoa baada ya kosa la kwanza ili kutuliza hasira za watu, nani angesimama pale San-Pédro? Bakambu aligongesha mwamba dhidi ya Maroko, na ndiye aliyefunga bao la kwanza dhidi ya Senegal mwaka uliofuata. Mbemba ni nahodha wa timu iliyopoteza kwa penalti Abidjan, na ndiye aliyepiga penalti ya mwisho Rabat. Hakuna hata mmoja wao aliyefukuzwa kwa sababu ya kukosa kidogo.

Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Pointi moja haijazi kibaba, lakini kibaba kisicho na hiyo moja hakijai pia. Timu iliyokosa kidogo ina kazi kidogo iliyobaki, na kazi hiyo ina majina: kufunga nafasi moja zaidi, kukaza dakika kumi za mwisho, kuandaa wapigaji watano, na kumrudisha uwanjani kesho yule aliyekosa leo.